Chenga Kwenye Mkebe wa Kahawa

Vijana wangu, mtu akikuuzia mashine ya zamani ya kahawa, ile ya kuvuta kwa mkono, na akakuapia kwamba haijawahi kufunguliwa, mwombe bisibisi hapo hapo. Angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka, imefunguliwa, na aliyeifungua hakuwa fundi. Vikiwa vipya vinang'aa, hilo ni baya zaidi, maana kuna kitu kimetolewa ndani na mtu amejitahidi usijue. Nimefanya kazi na mashine hizi miaka thelathini na mmoja katika hoteli moja mjini Kisii, na nimezeeka nikizishuku. Shaka hilo ndilo lililonilisha. Ndilo pia lililomng'oa mtu meno mawili jikoni kwangu hapa Nyakoe, na nitawaambia ilivyokuwa, ingawa ningependa zaidi kuwaambia habari za washa, zile pete za kuziba, na grisi.

Jina langu ni Kerubo, lakini nyinyi mnaokuja hapa na mashine zenu zimefungwa kwenye magunia mnaniita Mama Nyanchama, kwa jina la binti yangu. Sawa. Mkija, huwa nawauliza swali moja kabla hata ya kuwapa kiti: nani alikuambia hii ni nzima? Wengi mnajibu kwamba geji inasoma vizuri. Hapo ndipo nacheka.

Geji ni mwongo wa kwanza katika nyumba. Ukiwasha boila ikiwa baridi, hewa iliyofungiwa ndani hupata moto kabla ya maji kuchemka, mshale unasogea, nawe unaamini presha imefika. Haijafika. Fungua bomba la mvuke uiache hiyo hewa itoke. Itapumua, itatema mate kidogo, halafu itakuja sauti kavu ya mvuke wenyewe. Funga. Mshale utaanguka, kisha utapanda tena taratibu, na safari hii unasema kweli. Hata hivyo mimi huweka kiganja karibu na kichwa cha mashine kuhakikisha.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Obare, mtu wa Marani, mfupi, mwenye kovu chini ya kidevu. Mimi nilikuwa naosha vikombe. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye mashine pale hotelini, na hakumruhusu mtu kuigusa, hata meneja. Siku aliyoniita niisogelee nilidhani amekasirika.

"Unaona hii kovu?" akaniuliza. "Hii nilipewa na mashine mwaka wangu wa kwanza. Usidhani ni wewe unashika huo mkono. Kahawa ndiyo inaushikanga. Kahawa ikikosa, ama ikiwa kubwa kubwa, huo mkono unarudi na hasira."

Nawaeleza kwa utaratibu, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanatoka hapo. Kahawa inakaa kwenye kikombe cha chuma chenye mpini. Hotelini tulikiita kijiko. Unakifunga chini ya kichwa cha mashine. Ukivuta mkono wa mashine chini, unaibana springi nzito iliyo ndani, na maji ya moto yanaingia juu ya kahawa. Unahesabu, mimi huhesabu hadi nane. Kisha unauachilia mkono polepole, na springi inayasukuma maji yapite. Kahawa iliyosagwa laini inayakatalia maji, kwa hiyo mkono unapanda taratibu wenyewe, na kahawa inashuka nyembamba, rangi ya asali. Lakini kahawa ikiwa chenga, punje kubwa kubwa, maji hayapati kizuizi. Springi yote inafunguka kwa mara moja, na ule mkono wa chuma unaruka juu hadi kwenye kidevu cha yule aliyeinama kutazama kikombe. Na kila mtu huinama kutazama kikombe.

Kosa langu la kwanza halikuwa hilo. Wiki yangu ya pili nilifungua kijiko haraka, presha ikiwa bado ndani. Kilinipigia chafya usoni. Uji wa kahawa ulipita juu ya kaunta ukamkuta wakili mmoja aliyekuwa akinywa chai yake kabla ya kwenda kortini, shati jeupe, tai ya kijivu. Mzee Obare alitoka, akamtazama wakili, akanitazama mimi, akasema, "Huyu leo ameshindwa kesi." Kisha akampa shati lake mwenyewe, lililomfika wakili kwenye viwiko. Tangu siku hiyo nasubiri, hata mgeni akinung'unika.

Mzee Obare hakuondoka vizuri. Mikono yake ilianza kutetemeka. Alijaribu kuficha, akawa anashika mkono wa mashine kwa mikono miwili akijifanya anautilia nguvu. Meneja alikuwa akimwangalia kupitia kile kidirisha cha jikoni. Mimi nilimwona meneja akimwangalia, na nikanyamaza, kwa sababu nilifikiri pengine kazi itakuja kwangu. Ilikuja. Miaka mingi baadaye, nikikaribia kustaafu, mashine ya vitufe nayo ikaja, ile ambayo mtu yeyote anabonyeza na kahawa inatoka bila heshima, na mashine ya Mzee Obare ikapelekwa stoo. Nilipostaafu niliomba hiyo mashine badala ya saa ya ukutani waliyotaka kunipa. Niliileta nyumbani ikiwa imefungwa katika godoro.

Vitu viwili nilivitoa hotelini, kwa hiyo: mashine, na hofu ya kuonekana nimeshindwa.

Sasa, nyumba niliyoiletea mashine ni ya Wasabato. Mume wangu, Mwalimu Elkana, ni mzee wa kanisa, na kwa kuwa kanisa lao haliruhusu kahawa, hajawahi kuiweka mdomoni. Mimi ni Mkatoliki, na tulikubaliana hivyo tangu mwanzo: yeye huenda kwake Jumamosi, mimi huenda kwangu Jumapili. Ajabu ya nyumba hii ni kwamba kahawa imejaa kuanzia barabarani hadi mtoni. Mama mkwe wangu aliichuma kahawa hiyo tangu ujana wake, akaibeba mgongoni hadi kiwandani, akafa bila kujua ladha yake. Mwalimu hakunikataza. Aliniambia tu, "Mama Nyanchama, ikae jikoni kwa nje, na Sabato ipumzike." Ijumaa jioni nachomoa waya. Mpaka hapo hatukuwa na shida.

Shida ilikuwa bega langu la kulia. Miaka yote ile ya kuvuta ililimaliza. Kuna asubuhi nilikuwa nashindwa kuanika nguo. Mashine nilikuwa naivuta kwa kujitundika, uzito wote wa mwili juu ya ule mkono, nikiuma kitambaa cha kichwa nisipige kelele. Nilifunga mlango wa jikoni kila nilipofanya hivyo. Nilijua vizuri kitakachofuata watu wa nyumbani wakijua: Nyanchama angeleta kutoka Nairobi mashine ya vidonge vya kahawa, ile ya kubonyeza tu, na hii yangu ingepata mnunuzi. Na bila hiyo kahawa ya asubuhi, ambayo nimeivuta mwenyewe, mimi ni mwanamke gani? Wa kukaa kwenye kiti na kuulizwa kama nimekula.

Ndipo akaja kijana mmoja kutoka Nairobi, mpole, viatu vyeupe. Alikuwa ameambiwa kuna mashine ya Kitaliano Nyakoe.

"Shosh, hii kitu ni original kabisa," akasema. "Naeza piga picha ya namba ya huku chini?"

"Namba ya nini?"

"Ya kujua mwaka tu. Na siku ikikuchokesha, utaniambia, sawa?"

"Nani amekuambia nimechoka?"

Alicheka, akadhani natania. Sikutania. Tangu siku hiyo nilianza kuweka alama.

Nilichora mstari kwa penseli ndani ya mkebe wa kahawa iliyosagwa. Niliweka kishindilia cha kukandamizia kahawa, kile cha jiwe laini la Tabaka nilichochongewa kwa kipimo cha kijiko changu, uso wake ukitazama dirisha. Jumapili ya kwanza niliporudi kutoka misani, kahawa ilikuwa chini ya mstari na kishindilia kilitazama ukuta. Jumapili ya pili vilevile, na kichwa cha mashine kilikuwa na joto. Jumapili ya tatu niliona chini ya migomba, nyuma ya jiko, ardhi nyeusi yenye harufu ninayoijua. Mtu alikuwa akitengeneza kahawa yangu na kuimwaga. Hapo ningepaswa kujiuliza: mwizi gani anamwaga anachokiiba? Sikujiuliza. Nilikuwa nimeshaamua ni mwizi, na kila kitu nilichokiona kilinipa haki.

Ufunguo wa jiko tulikuwa nao watatu: mimi, Mwalimu, na dada yake, Nyaboke, anayekaa boma la chini na aliyekuwa akinisaidia kuchuma majani chai. Mwalimu sikumhesabu. Mtu ambaye hunywa maji ya moto yenye tangawizi na kufunga macho akipita mbele ya jiko langu, nimhesabu vipi? Mnaocheka mmeshajua. Mimi sikujua. Nilimwendea Nyaboke kwenye chai, naye ana kikapu mgongoni, nikamsalimu kwa Kigusii.

"Nyaboke, bwakire."

"Bwakire buya, Mama Nyanchama."

"Hii shali yako inanuka kahawa."

Alisimamisha mikono. "Mimi?"

"Sijasema ni wewe. Nimesema shali."

"Yaya, hapana, Mama Nyanchama. Sisi hatukunywangi hiyo kitu. Hata ndugu yangu anajua. Ama unataka kusema nini?"

"Pengine kuna mtu kutoka Nairobi amekuomba umwonyeshe inavyofanya kazi."

Aliteremsha kikapu, akakiacha pale katikati ya mistari, akaenda nyumbani. Hakurudi kuchuma. Mimi nikachukua hilo kama ushahidi.

Jumamosi jioni, jua lilipotua na Mwalimu akiwa sebuleni akiimba wimbo wa kufunga Sabato, niliingia jikoni na kinu changu cha mkono. Nilimwaga kahawa laini yote kwenye mfuko, nikaificha. Nikalegeza kinu, nikasaga nyingine chenga, kubwa kama za mahindi ya kuku, nikajaza mkebe hadi kwenye mstari. Juu yake nikanyunyiza laini kidogo ili aonaye asishtuke. Nilijiambia kwamba kahawa yake itatoka maji matupu, atashangaa, ataharibu kitu, nitamjua. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini mimi nilikuwa na miaka thelathini na mmoja ya kazi ile. Nilijua chenga zinaufanya nini mkono wa mashine. Nilijua vile ninavyojua jina langu, na bado niliufunika ule mkebe, nikalala.

Siku iliyofuata niliondoka misani kabla ya matangazo. Nilipofika uani nilisikia mashine ikilia mvuke. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Mwalimu Elkana alikuwa ameketi kwenye kigoda, leso mdomoni, leso nyekundu yote, na damu ilikuwa imeshuka hadi kwenye kola ya shati. Macho yake yalikuwa kwenye mashine.

"Mama Nyanchama," akasema kwa shida, "nimeiharibu?"

Macho yangu yalikwenda kwenye mkebe.

"Nilihesabu nane. Vile unavyohesabu. Miezi miwili sasa nahesabu nane na inapanda vizuri. Leo sijui nimefanya nini."

Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya ukali, Mungu anisamehe, alikuwa anatafuta nini jikoni kwangu.

"Bega lako," akasema. "Nimekusikia nyuma ya mlango. Nilisema, nikijifunza, nitakuvutia mimi. Siwezi kuionja, kwa hiyo nilikuwa nafuata rangi. Zilizokosa rangi nilimwagia migomba."

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijivunii. Kabla ya kuzima mashine, kabla ya kumletea maji, nilichukua ule mkebe, nikatoka nje, nikamwaga chenga zote chini ya migomba na kuzifunika kwa majani makavu. Kisha ndipo nikarudi kumshika mume wangu. Jino moja lilikuwa sakafuni. La pili lilitolewa hospitali, na mshono ukawekwa ndani ya mdomo.

Kanisani kwake walimuuliza. Angeweza kusema ameanguka bafuni, na wangemwamini. Alisema, "Nilipigwa na mashine nikimtengenezea mke wangu kahawa." Mzee mwenzake akamuuliza kama aliinywa. "Kutengeneza nilitengeneza," akasema, "kunywa sikunywa." Nasikia walicheka hadi mchungaji akakohoa. Mimi nyumbani sikuwa na cha kucheka.

Kwa sababu aliendelea kuniuliza. Jeraha lilipopona, alitaka kujifunza tena, na mtu aliyefundisha darasani miaka yote hakubali kurudia hesabu bila kujua alipokosea. Mara ya kwanza nilisema pengine washa zimelegea. Nikafungua kichwa cha mashine mbele yake, nikapaka grisi washa zilizokuwa nzima kabisa. Mara ya pili nilisema ni springi. Alikuwa anaandika kwenye daftari: washa, springi. Aliniomba msamaha, wanangu. Aliniomba msamaha kwa kugusa kitu changu bila ruhusa.

Mara ya tatu tulikuwa barazani, mchana, tunamenya mahindi. "Hebu tuanze mwanzo," akasema. "Nilijaza kijiko. Nilishindilia. Nilivuta. Nikahesabu nane. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea," nikasema. "Nilibadilisha kahawa."

"Ulibadilisha namna gani?"

"Niliweka chenga. Nilikuwa namtega mwizi."

Alimenya hindi lote lililokuwa mkononi mwake, mpaka mwisho. "Na ulijua huo mkono utafanya nini?"

Ningeweza kusema nilisahau. Mzee kama mimi anaruhusiwa kusahau.

"Nilijua."

"Ulidhani ni nani?"

"Nyaboke."

"Kwa hiyo," akasema, "ni dada yangu uliyetaka kumvunja."

Aliinuka akaingia ndani. Alikaa siku nne akizungumza nami maneno ya lazima tu: chumvi, mlango, mvua inakuja. Siku ya tano alisema, "Nenda kwa Nyaboke." Nikaenda. Nilimwambia yote mlangoni kwake, nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha ndani. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama kikapu chake bado kiko kwetu. Nilikirudisha siku hiyo hiyo. Amerudi kuchuma chai, lakini shali haivai tena akija kwangu.

Mnaponiuliza ni kitu gani kinaharibu mashine hizi haraka, huwa nasema maji machafu na waya mbovu, na ni kweli. Tumieni maji ya mvua yaliyochujwa. Badilisheni mpira wa kichwa kabla haujakauka. Mimi binafsi zamu yangu ya kuvuta imekwisha, na daktari amesema bega hili halitavuta tena. Niliogopa siku hiyo miaka mingi, na ilipofika nilikuta nimeifanya kuwa mbaya kuliko ilivyohitaji kuwa.

Siku hizi anayevuta ni Mwalimu. Alirudi mwenyewe kwenye mashine, asubuhi moja, bila kuniambia lolote zaidi ya, "Nionyeshe laini inakuwaje." Nikamwonyesha. Anavuta vizuri, kwa mkono usiotetemeka, kidevu mbali, na kahawa yake inashuka rangi ya asali. Ni nzuri. Nimemwambia ni nzuri, naye ameniamini kuhusu hilo kwa kuwa hana njia nyingine ya kujua.

Lakini kabla ya kujaza kijiko hufungua mkebe. Huchukua kahawa kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, huisugua, huipeleka kwenye mwanga wa dirisha, huisugua tena. Kahawa hiyo nimeisaga mimi dakika tano tu zilizopita, yeye akiwa ameketi hapo hapo ananitazama. Huisugua hata hivyo. Nami husimama kando, mikono yangu mahali anapoweza kuiona, hadi atosheke.